Wari ya Baba

Wiki iliyopita binti yangu, anayejifunza kushona kwa fundi mmoja hapa Pemba ya Msumbiji, alirudi nyumbani na ule utepe wa kupimia, akaniuliza kwa nini una namba za aina mbili. Upande mmoja namba zinakwenda mpaka mia na hamsini. Upande wa pili zinaishia sitini, na utepe ni uleule. Nikamwambia huu ni upande wa sentimita, tunaopimia sisi, na ule ni wa inchi, uliobaki kutoka kwa Waingereza, na ng'ambo ya Ruvuma mafundi wengi wangali wanautumia. Akaniuliza upi ni wa kweli.

Nilitaka kumjibu upesi, kama tunavyowajibu watoto, lakini macho yangu yalikwenda kwenye kitu kingine alichoshika. Fundi wake alikuwa amempa na kipande cha bafta nyeupe mpya cha kujifunzia, bado kigumu kwa wanga, na harufu yake ilikuwa imejaa chumbani. Nikamwambia akapike chai. Mimi nikabaki na kile kitambaa mapajani.

Wenzangu wa umri wangu, tuliokulia pwani ile ya juu, karibu na Ruvuma, vita ya kwanza ya hapa kwetu ilipokwisha, na sasa tunazeeka katika hii ya pili, wanaijua harufu hiyo. Duka letu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na kwa mtu aliyeingia kutoka juani, bafta ndiyo iliyompokea kabla macho hayajazoea giza. Baadaye ilifuata sabuni ya mche, kisha mafuta ya taa. Baba yangu, Issa, aliuza kila kitu kidogo kidogo, lakini jina lake lilikuwa nguo. Wanawake wa kisiwa cha Rongui walivuka bahari kuja kununua kwake kapulana, vile vitenge vya kujifunga. Wakulima walishuka kutoka Diaca baada ya mavuno, wakasimama kizingitini wakijipangusa vumbi la miguu kabla ya kuingia, kwa heshima.

Alipimia fimbo ya mpingo, nyeusi, iliyong'aa kwa kushikwa, yenye vifuniko vya shaba kila ncha. Babu yangu alirudi nayo kutoka Mtwara, alikokwenda ujanani kumfanyia kazi mfanyabiashara wa nguo, na alipofungua duka lake aliiweka mezani kabla hajawa hata na nguo za kutosha kupima. Baba aliirithi pamoja na meza. Alikuwa akilaza kitambaa juu yake, anakivuta bila kukinyoosha kupita kiasi, anahesabu kwa sauti ili mnunuzi asikie, na akifika mwisho anaweka kidole gumba pale palipo na shaba na kukata kwa mkasi. Watu waliiita metro, ndilo jina la mita kwetu. Metro ya Issa. Ukitaka kusema jambo limenyooka, pale kwetu ulisema limenyooka kama metro ya Issa.

Mizani ya sukari ilikuwa na muhuri. Kila baada ya muda alikuja bwana kutoka wilayani na mawe yake ndani ya kisanduku, akaijaribu, akaipiga muhuri, akanywa soda, akaondoka. Fimbo hakuiuliza mtu.

Shule ilipofunguliwa tena tuliletewa mwalimu kutoka uwanda wa juu, Mmakonde, Mkristo, kijana bado, aliyeitwa Lorenso. Alikuwa mpole, lakini katika hesabu hakuwa na mchezo. Hatukuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo siku alipofika kwenye vipimo alituambia kila mtoto aende akakate ufito, alete darasani, naye ataupima kwa rula yake kubwa ya ubaoni. Ulipozidi alikata, ulipopungua alikurudisha porini. Kisha tukachora kwa mkaa, kumi kwa kumi, mpaka mia. Alituambia kwamba metro ni moja tu, hapa na Maputo na Lisboa, na kwamba mtu mwenye metro mkononi hawezi kudanganywa na mtu yeyote.

Maneno hayo yaliniingia mno. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Niliubeba ufito wangu kutoka shuleni nikiwa nimeusimamisha begani kama askari, na nyumbani nikaanza kupima kila kitu: mlango, kitanda, mbuzi wa jirani, mdogo wangu Amadi aliyekataa kusimama wima. Baba alikuwa ameingia ndani kwa swala ya alasiri na duka lilikuwa tupu. Nikaenda mezani, nikaulaza ufito wangu kando ya fimbo yake, nikazisawazisha ncha za upande mmoja vizuri kabisa kwa kiganja.

Upande wa pili ufito wangu ulipita. Ulipita kwa kiganja changu kizima na vidole viwili juu yake, yaani vidole vinne vya mtu mzima.

Nilidhani nimekosea mimi. Nikageuza, nikapima tena. Kesho yake nikaurudisha kwa Mwalimu Lorenso nikamwambia nadhani ufito wangu umerefuka. Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka, aliuweka juu ya rula yake akanionyesha kwamba uko sawasawa, wala haukuzidi hata unywele. Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema nauliza tu.

Sasa lazima niseme kwamba asubuhi nilikwenda shule na jioni nilikwenda chuoni kusoma Kurani, na chuoni, mwezi huohuo, Mwalimu Anli, aliyekuwa pia imamu wetu, alikuwa akitueleza habari za watu wanaopunja vipimo: kwamba wao wakipimiwa hutaka kijae, na wakiwapimia wenzao hupunguza, na yatakayowapata siku ya hesabu. Watoto wengine walisinzia. Mimi nilikaa nikiwa nimekumbatia magoti. Mambo mawili yalikutana kichwani mwangu, ya asubuhi na ya jioni, nikafikia jibu ambalo mtoto yeyote angelifikia. Baba yangu alikuwa mwizi.

Na kwa kuwa alikuwa mwizi, nilifikiri, mali ya wizi lazima iko mahali. Kwa akili yangu ya wakati ule, vile vidole vinne alivyowakata watu kwa miaka yote alikuwa akivificha. Nilivitafuta. Nilitazama chini ya kitanda chao, ndani ya sanduku la mama, nyuma ya magunia ya chumvi. Nilipanda juu ya pipa nikatazama darini. Nilitarajia kukuta marundo ya vipande vyembamba vya kila rangi, na nilikwisha kupanga kwamba nikivipata nitavirudisha usiku mlangoni kwa kila mtu, naye baba hataungua. Nilikuta panya na viatu vyangu vya Idi iliyopita. Kutokuona kitu hakukunituliza. Niliona tu kwamba baba ni hodari wa kuficha kuliko nilivyodhani.

Wiki tatu nilikaa hivyo. Nilimtazama akipima. Alihesabu kwa sauti ileile, moja, mbili, tatu, na mimi kila alipotaja namba niliona vidole vinne vikiingia motoni. Mara moja alinikuta namtazama, akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Ndivyo alivyokuwa akiniita, mama. Nikasema siumwi. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Masika yale barabara ya kutoka Mocímboa ilikatika na duka likaanza kuwa tupu. Bafta ilibaki mwisho wa jora. Ndipo akafa Mzee Shabani.

Mzee Shabani alikuwa rafiki wa baba tangu utoto. Walitahiriwa siku moja, walikimbia vita pamoja, walirudi pamoja. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa pale, mwembamba, mwenye kikohozi, na mchana alikuwa akikaa kwenye ngazi ya duka akimsimulia baba mambo ambayo baba alikwisha kuyasikia. Kikohozi kilimchukua alfajiri ya siku ya mvua. Mwanawe Momade, aliyekuwa seremala, hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa kuwa alijua bafta ni kidogo, alimpima baba yake mwenyewe, palepale kitandani, kwa futi yake ya chuma inayojikunja, yenye namba za sentimita, akakaa na waosha maiti wakapiga hesabu ya vipande vyote, wakapata metro sita na robo tatu. Akaja dukani na namba hiyo.

Nilikuwapo. Baba alikuwa amelia, macho yake mekundu. Aliteremsha jora, akaanza kupima, na safari hii hakuhesabu kwa nguvu, alinong'ona. Jora likaisha kwenye saba kamili. Akasema ni saba, inatosha na kuzidi kidogo, akaikunja yote akampa Momade, hakutaka kulipwa. Momade akamshika mkono kwa mikono miwili akamshukuru.

Mimi nilisimama karibu na gunia la chumvi. Nilijua kwamba saba ile si saba. Nilikwisha kuwa na hesabu hiyo kichwani kabla Momade hajatoka mlangoni: vidole vinne, mara saba. Ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ufito umesimama kona ya chumba kile kile. Nikajiambia maiti hawapimi nguo zao.

Waosha walikata vipande vya ndani kwanza, kama inavyokatwa, na kile kikubwa cha nje, cha kufunika mwili wote, kikawa cha mwisho. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu wa uani, nyuma ya pazia la mikeka, tukasikia sauti za wanaume zimekoma. Mahali pa msiba huwa hapakosi sauti, kwa hiyo tulijua kuna jambo. Nikachungulia. Mzee Shabani alikuwa amelala juu ya kile kitambaa, na kitambaa kilimwishia juu ya vifundo. Miguu yake yote miwili ilikuwa nje, mirefu, imeoshwa, nyayo zake nyeupe kwa maji.

Momade alipiga magoti mkekani. Alitoa ile futi ya chuma mfukoni, akavipima vipande vyote, kimoja kimoja, vikiwa pale mkekani, akajumlisha. Kisha akasema, "Sita na arobaini."

Watu wakamtazama baba. Baba alikuwa miongoni mwao, amekaa karibu na kichwa cha rafiki yake. Mtu mmoja akasema huenda kitambaa kimerudi na kupungua kwa unyevu. Momade akaomba aletewe fimbo. Baba akainuka mwenyewe kwenda kuichukua, na nakumbuka alikwenda polepole, pamoja na mvua ile, bila kujifunika. Aliporudi aliinyoosha kwa mikono miwili. Momade akainyooshea futi yake, kutoka shaba mpaka shaba.

"Tisini na moja," alisema. "Hata mia haifiki."

"Ni metro ya baba yangu," baba akasema.

"Basi na baba yako pia alipunja."

Baba akaivua kanzu yake pale, akabaki na shuka na fulana iliyotoboka begani, akaikunja, akamwekea Momade mbele. Akasema wakate hiyo, ni nyeupe, ni safi.

Momade aliisukuma kwa nyuma ya mkono. "Nguo yako hapana."

Mwalimu Anli akatuma kwake ikaletwa shuka, wakaongeza kipande, wakamfunika Mzee Shabani miguu, wakaenda kumzika. Ilipungua shibiri moja na nusu tu. Nimekwisha kuipima mara nyingi tangu siku ile, kwa mkono, juu ya meza, nikiwa nawaza mambo mengine.

Mwalimu Lorenso alikuja mazikoni akasimama nje ya ukuta wa makaburi, maana hakuwa Mwislamu. Tuliporudi, wazee wakamwita awape hukumu ya kipimo. Aliichukua fimbo, akaitazama karibu na vifuniko vya shaba, akapata vialama vidogo ambavyo mikono ilikuwa imevifuta karibu vyote. Aliwaeleza kwamba fimbo hii haikupunguzwa na mtu. Ni wari, alisema, na Wareno huiita jarda. Ni kipimo cha Waingereza cha ng'ambo kule: inchi kumi na mbili ni futi, futi tatu ni wari, na wari haifiki metro kwa sentimita nane na zaidi kidogo. Kila kipimo ni cha haki kwa jina lake. Kosa ni kuliita hili kwa jina la lile.

Wengine waliridhika. Mzee mmoja akakumbuka kwamba zamani, utotoni mwake, watu kweli walikuwa wakinunua kwa wari, na kwamba serikali ilipotangaza metro maduka yote yalibadilisha. Lakini palepale mwingine akauliza swali ambalo lilibaki nyumbani kwetu kuliko msiba wenyewe: babu yangu, aliyefanya kazi Mtwara, aliyeijua wari kwa jina lake, alipoanza kuiita metro hakujua anachokifanya? Babu alikuwa amekufa zamani.

Jioni ile nilimwambia mama. Nilimweleza yote, ufito, darini, gunia la chumvi. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, akauweka ungo chini, akanishika kidevu.

"Ulijua kabla hajafa Shabani?"

Nikasema ndiyo.

"Usimwambie baba yako. Si leo, si kesho. Anaweza kubeba aliyoyafanya bila kujua. Hili la kwamba mwanawe alimwona mwizi akanyamaza hataliweza."

Nilimtii. Na kwa maneno yake nilipata kitu kingine, nafuu. Kumbe alikuwa hajui. Baba hakuwa mwizi, alikuwa mtu aliyerithi fimbo. Nililala usingizi mzito siku ile, namshukuru Mungu, huku baba upande wa pili wa ukuta akiwa amekaa macho.

Aliivunja fimbo kwa shoka. Nguo mpya zilipofika barabara ilipofunguka, hakuziuza. Alinunua metro ya chuma mjini, akakaa mezani siku mbili, akakata. Kila jora alilikata vipande vya vidole vinne, virefu kwa upana wa nguo, akavifunga mafungumafungu. Kisha akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Aliuliza: ulinunua kwangu ngapi? Mtu akisema mbili alimpa vipande viwili. Akisema kumi, kumi. Hakubishana na mtu. Wako waliotaja namba ambazo hawajapata kununua maishani mwao, akawapa. Wako waliokataa kupokea, wakamwambia Bwana Issa yamekwisha, na hao ndio waliomuumiza zaidi, maana alibaki mlangoni na vipande mkononi hajui aviweke wapi. Kwenye mlango wa Momade alikwenda mara tatu. Mara zote tatu haukufunguliwa, ingawa randa ilisikika ndani.

Alinichukua tukaenda Diaca. Sijui kwa nini alinichukua mimi. Tulitembea, maana hakutaka kupanda gari na kukaa na watu. Kule alikaribishwa vizuri, wakampa muhogo, na kila mwanamke alipopewa kile kipande alikigeuza huku na huku akitafuta ni cha nini. Mmoja alisema aliwahi kununua kwake metro tatu za kitambaa cha maua, akamshonea binti yake gauni, likambana kwapani, akamchapa fundi maneno. Binti huyo alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Alivipokea vile vipande vitatu, akamwita mtoto mwingine aliyekuwa na donda mguuni, akamfungia.

"Kinatosha hapa," alimwambia baba, bila hasira yoyote.

Njiani tukirudi baba alitangulia mbele yangu. Nilitamani kumwambia kwamba najua hakukusudia. Sentensi hiyo ilikuwa tayari mdomoni mwangu kilomita zote zile, lakini ili niiseme ilinipasa kueleza na mengine, na mama alikwisha kunikataza.

Duka lilikufa. Huwezi kukata nguo zote vipande vya vidole vinne ukabaki na duka. Mama alianza kuuza vitumbua, Amadi akachelewa kuanza shule mwaka mzima, baba akajifunza uzeeni kulima shamba la watu. Lakini kuna jambo la ajabu lilitokea polepole. Kadiri miaka ilivyokwenda, watu walianza kusimulia habari ile kwa namna nyingine. Walisahau miguu ya Mzee Shabani, wakakumbuka vipande. Alikuwapo mtu pwani ile, walisema, aliyegundua kwamba baba yake alimwachia kipimo kibovu, akafilisika kwa hiari yake kuwarudishia watu haki zao. Amadi alikua ndani ya hadithi hiyo. Yeye alikuwa mdogo mno, hakumbuki mkeka wala mvua.

Kisha ikaja vita hii. Tulikimbia kila mtu na alichoshika. Mama hakufika. Baba nilimpata baada ya miezi, kwenye makazi ya waliohamishwa, kusini huku, ndani ya kibanda cha mianzi kilichofunikwa turubai. Nilimleta kwangu Pemba lakini hakutulia nyumbani kwa mkwe, akarudi kulekule kwa wenzake. Kwa hiyo nilikuwa nikienda kumuuguza. Kifua chake kilikuwa kimekwisha.

Mchana mmoja, nikimfuta jasho, nikaona mama hayupo tena wa kunikataza. Nikamwambia. Nilianza na Mwalimu Lorenso na fito zetu. Hakuniacha niendelee.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa nyuma ya pazia la duka. Nilitoka kuswali nikakukuta umeinama mezani. Nilipoona unageuza na kupima tena, nikajua kuna kitu. Ulipotoka ukauacha ufito wako, nikaja nikapima kwa huo."

Nilimwuliza siku ipi, kana kwamba zilikuwa nyingi.

"Siku ileile. Wiki tatu kabla ya Shabani."

Alikohoa kwa muda. Nikamwinua, nikampa maji, akanywa kidogo. Aliniambia kwamba alifikiri bafta iliyobaki ni kidogo, zitakapokuja nguo mpya ataanza na metro mpya, kimyakimya, bila kumwaibisha babu kaburini. Kwamba aliningoja mimi. Alijiambia mtoto akija kumuuliza, ataivunja fimbo mbele yake. Kila siku aliningoja nikiingia kutoka shule.

"Hukuja," alisema. "Nikasema basi, hajaelewa."

Nikamwuliza juu ya sanda.

"Niliipima nikijua. Nikadhani saba ya fimbo itamtosha. Nilijidanganya kwa namba yangu mwenyewe, mama." Akafumba macho. "Momade aliponishika mkono kunishukuru, nikashindwa kumwambia."

Ningeweza kumwambia kwamba mimi pia nilikuwa nikimngoja, kwamba tulikaa chumba kimoja wiki tatu, kila mmoja akitazama mdomo wa mwenzake. Nadhani alilijua hilo. Nilikaa naye mpaka akalala, nikasikia turubai ikipigwa na upepo, na nje watu wakipanga foleni ya maji.

Alikufa baada ya siku kumi na moja. Arobaini yake tuliisoma hapa kwangu, wakaja watu wa kwetu waliotawanyika, kutoka Montepuez, kutoka Metuge, wengine hatukuwa tumeonana nao tangu tulipokimbia. Baada ya dua Amadi akasimama. Amekuwa mtu mzima, ana watoto, anafanya kazi ya heshima. Akawasimulia vijana habari ya baba yetu, ambaye hakujua, na alipojua hakulala mpaka alipowarudishia watu haki zao. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mwanamke mmoja alilia. Wanangu walikuwa wamekaa mbele, wakimsikiliza mjomba wao kama wasivyowahi kunisikiliza mimi.

"Dada yangu huyu hapa ni shahidi," Amadi akasema, akanigeukia. "Alikwenda naye kwa miguu mpaka Diaca."

Wote wakanitazama. Yale ya wiki tatu nilikuwa sijamwambia mtu. Nikasema ni kweli, nilikwenda naye, na mzigo wote aliubeba yeye.